Chumvi Kwenye Chai

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, bangili ya serikali humsoma anayeivaa mishipa ya ubongo. Seli zikiwa zinakufa kwa wingi hugeuka nyekundu, na gari huja papo hapo kumpeleka mwenye bangili makao ya wagonjwa. Harudi tena.

Wiki iliyopita chai ilitiwa chumvi badala ya sukari mara mbili, na Mwanakheri alimlaumu mumewe kwa kuchanganya makopo. Leo, Jumatatu, alikuwa hakai wala hasimami. Alifagia sebule mara ya tatu, akautupa ufagio.

"Baba Msellem, vua bangili yako. Nitazivaa zote mbili, yangu na yako, zinisome mimi."

"Acha, mke wangu."

"Niache wakuchukue? Lete!"

Akamvua mwenyewe. Saa mbili ilipofika, bangili zote mbili ziligeuka nyekundu mkononi mwake.

Mwanakheri alizitazama. "Lakini chumvi ulitia wewe!"

"Chai unapika wewe kila siku," mumewe alisema polepole. "Nilikubali lawama ili usishtuke."

Nje honi ikalia. Mwanakheri akahangaika kuivua bangili ya mumewe amrudishie, wampime upya. Baba Msellem akaushika mkono wake.

"Iache hapo hapo," alisema. "Watuchukue wote."