Safu Tatu za Mnada

Evelina alibadilisha tarakimu moja tu kwenye msimbo wa blogu yake: moja ikawa tatu. Posti zake za mnada wa Mhunze, zilizozoea kukaa juu na chini kama ngazi, zikaelea taratibu, zikatua safu tatu, bega kwa bega.

Mchana ulikuwa na joto la kuleta usingizi. Picha za minada mitatu zilipokaribiana zikawa kama uwanja mmoja mpana, vumbi la huku likiingia kule.

Ndipo alipomwona.

Safu ya kulia, kwenye picha ya zamani kuliko zote, mwanamume mwenye kofia alisimama mbali, nyuma ya ng'ombe. Safu ya kati alikuwa kwenye banda la chai. Kushoto, picha ya mnada uliopita, alikuwa karibu kabisa na kamera. Kote alishika sikio kwa vidole viwili, vilevile alivyofanya kaka yake Evelina tangu utotoni kila alipotaka kuomba radhi.

Kaka huyo, walivyoambiwa, alifukiwa na kifusi duarani, ndani ya shimo la dhahabu, huko machimboni Geita. Mwili haukupatikana, wakaanua matanga bila kaburi.

"Evelina, bado uko na hiyo kompyuta?" mama yake aliita kutoka uani.

Evelina aligusa lile sikio kwenye kioo cha kompyuta, likawa na uvuguvugu.

"Mama, kesho si mnada?"

"Ehee. Unakwenda tena kupiga picha?"

"Hapana. Kesho tunakwenda wote. Vaa ile kanga nyekundu, mama, ile inayoonekana kwa mbali."