Hodi ya Tatu

Daktari alimweleza Bi Mwanamvua kwa maneno ya nyumbani. Kila seli ya mwili ina vipokezi, mfano wa milango. Ujumbe wa kukua ukipiga hodi, seli huitikia, kisha mlango hufungwa.

"Seli za saratani utumboni mwako, mama, zinaitikia 'karibu' hata pasipo hodi. Na sasa zimehamia kwenye ini."

Alasiri hiyo Bi Mwanamvua aliketi sebuleni peke yake, kiganja tumboni. Maisha yake yote hakuna mgeni aliyepiga hodi kwake mara mbili. 'Karibu' yake ilitoka kabla ya hodi ya pili.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua.

Bi Mwanamvua akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Hodi, wenyewe!"

Akalikazia macho komeo. Katika mji ule, hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni huenda zake.

"Hodi jamani!"

Nje, kandambili zikasikika zikitokomea. Akashusha pumzi. Ndipo, chini ya kiganja chake, kitu kikajongea taratibu, kama mtu anayeinuka kitini kwenda kufungua.