Jezi ya Wageni

Timu ya hoki ya barafu ya mji ule haikuwahi kupata mpinzani, kwa hiyo kila Jumamosi nusu ya wachezaji waligeuza jezi zao nje ndani wakaitwa Wageni. Wengine walipokezana zamu, lakini Mulongo alikuwa kipa wa Wageni tangu timu ilipoanza.

Leo wageni wa kweli walikuwa wamefika. Mulongo alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

"Kaka, umeigeuza jezi tena!" nahodha Selestina alicheka. "Leo wewe ni wa kwetu, bwana."

Akaivua, akaivaa sawasawa. Chui, nembo ya timu, waliochorwa kwenye jezi za wenzake walikwisha pauka. Wa kwake aling'aa kama ametoka dukani leo, maana miaka yote alikuwa amefichwa kifuani.

Walipoingia kwenye barafu, Mulongo alisimama kwenye goli la wenyeji. Uwanja mzima aliuona umekaa kinyume. Akagonga mwamba kwa fimbo, akahama, akarudi, akagonga tena.

Refa akapaza sauti: "Wageni, tayari?"

Kwenye goli la mbali, kipa mgeni aliinua mkono. Mulongo naye alikwisha inua wake.