Pole ya Taa Nyekundu

Siku hizi ni marufuku kumpa mtu pole mpaka taa ya ukutani immulike na kuwaka nyekundu. Mwanga wake unapenya nyama hadi mfupani, kwa hiyo eti haukosei. Mume wangu Shemdoe anaisujudia. Juzi tumbo liliponikata nilisimama mbele ya taa, ikawaka kijani.

"Si umeona? Mzima wewe, Mama Mbonea. Acha kudeka, kapike," akanikaripia.

Leo yeye ana mafua. Mafua! Taa imewaka nyekundu, na majirani wamejaa sebuleni na machungwa yao, wanampa pole kama kafiwa. Dume zima limejifunika khanga yangu, linapiga chafya kwa madaha huku taa ikilimulika puani miale ya kuponya, ambayo huipata aliyewakiwa nyekundu tu.

"Shemeji, chai mbona haina sukari?" jirani mmoja akanidai.

Nikainuka na birika. Damu ya moto ikanishuka miguuni, ikadondoka sakafuni mbele yao. Wote waliiona. Kisha wakageuza shingo kuitazama taa.

Ilikuwa kijani.

Shemdoe akanisogezea kikombe chake kitupu.