Kati ya Pigo na Pigo

Digidigi alikuwa mwoga kupindukia, moyo wake ulikwenda mbio hata jani likianguka. Moyo huo ukaugua, nusura umuue. Alipopona, ukawa unapiga polepole mno: pigo moja, kimya kirefu, kisha pigo jingine. Hata woga haukuuharakisha tena.

Kila alipojilaza, mkewe alimwekea sikio kifuani. Kimya kilipozidi, alimgonga kwa kwato.

"Mume wangu, upo?"

"Nipo. Niache nipumzike, mke wangu!"

Hakumwacha. Digidigi akachoka, akaenda kulala peke yake majanini. Huko ndiko Chatu alikomzonga.

Chatu hakuwa akimeza mnyama mpaka ahakikishe moyo wa mnyama huyo umesimama. Alibana, akasikiliza. Pigo moja. Kisha kimya.

"Huyu kwisha," akasema, akalegea atafute kichwa aanze kumeza. Digidigi akachomoka, akatimua mbio mpaka kwa mkewe.

"Kimya unachokiogopa ndicho kilichoniokoa," alimwambia.

Mkewe akaona haya. Digidigi alipolala tena, mkewe alimwekea sikio kifuani, akasikia pigo, kisha kimya. Safari hii hakumgusa. Alibana pumzi akangoja, na kimya kikarefuka kuliko siku zote. Mwishowe pigo likaja.

Mke akashusha pumzi. Nyuma yake, majanini, mwingine naye akashusha pumzi.

"Limekuja," alisema Chatu kwa upole. "Hata mimi sasa nimejifunza kungoja."