Kiungio Kilichopakwa Samli

Kwaru, kwaru, ilisikika gizani chini ya meza. Shamsa akawasha taa, akaziba pua. Panya alikuwa amekitafuna kiungio cha nyaya za kioo zinazopitisha mwanga, ambacho Shamsa alikibuni kwa ajili ya nyaya zinazopita kwenye mitaro ya maji machafu, kisha akakiachia mkojo na mavi. Asubuhi hiyo kilikuwa kijaribiwe mbele ya wakubwa wake wa kazi.

"Umekipaka samli kisiingie maji, ulitegemea nini?" mumewe akacheka kitandani.

"Nyamaza, baba Rukia, nitatapika!"

Akakishika kwa ncha za vidole, akamtuma binti yao chumba cha pili akinge kiganja kwenye ncha ya waya uliotoka kwenye kiungio hicho. Akamulika tochi ya mwanga mwekundu kwenye ncha ya waya iliyokuwa upande wake.

"Mama, mkono wangu umekuwa mwekundu."