Bila Kupunguza Neno

"Leo hutapunguza neno," balozi alimwambia Pasqual wakiwa bado kwenye mashua. "Kaka yako kila mara alikuwa anayapaka maneno yangu asali. Mimi nafoka, Pasha anacheka! Ndiyo kazi hiyo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Pasqual alikuwa bado mgeni katika kazi ya kumtafsiria balozi wa Venisi mjini Istanbul. Mkalimani mwenyewe hasa, kaka yake Bortolo, alikuwa gerezani tangu Kwaresima, akishukiwa kuiuzia Venisi siri za Sultani. Leo balozi alikuwa anakwenda kumwombea. Mtu mwema yule balozi, ila aliupenda mno ulimi wake.

Pasha, waziri wa Sultani, aliwapokea kwa kahawa na maneno laini. Kando yake alikaa karani wake, Mgenoa aliyesilimu zamani, ambaye Kitaliano alikinyonya kwa mama.

"Huyu Bortolo ana umuhimu gani?" Pasha akauliza. "Mkalimani tu. Si umeshapata mwingine?"

Balozi akavuta pumzi.

"Mkalimani tu? Mwambie Pasha, bila Bortolo mimi katika mji huu ni kipofu na kiziwi. Kila nilichowahi kuliandikia Baraza la Venisi kimetoka kwake. Mtu kama huyo hapatikani mara mbili!"

Pasqual alifungua mdomo, akaufunga. Karani wa Pasha alikuwa anamkazia macho.

"Tafsiri basi!" Balozi akamsukuma kwa kiwiko. "Au ndio mmefanana, wewe na kaka yako?"

Akatafsiri yote. Machozi yakamtoka mbele za watu. Balozi alifurahi sana. Kwa mara ya kwanza tangu aje huku, maneno yake yalikuwa yanafika yakiwa mazima.

Pasha alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema maneno machache. Kisha akapiga makofi. Likaletwa joho la heshima, hariri tupu, akavishwa balozi. Na Pera nzima, mtaa wa mabalozi, inajua kwamba aliyenyimwa ombi hatoki na joho.

Orsola, mke wa Bortolo, alikuwa anawangoja gatini. Aliliona joho kabla mashua haijafungwa, akapiga kelele ya furaha, akapiga magoti na kulibusu pindo lake.

"Shemeji, wanamtoa lini? Nianze kupika?"

Pasqual akageuka kuifunga kamba ya mashua.

"Umekaa kimya njia nzima kama umemeza mwiba," balozi akamwambia, huku akiipapasa mikono ya joho lake. "Mwambie shemeji yako Pasha kasema nini pale mwisho. Mimi niliona kama ananishukuru."

"Amekushukuru, Mheshimiwa. Amesema walishakata tamaa ya kupata shahidi, na kesho asubuhi walikuwa wamwachie."